Nani anasikika, na anasikika kama nani? Vipimo vya kukagua vyombo vya habari, na kipi kikufae

Ukimwendea mhariri na kumwambia kwamba wanawake hawasikiki kwenye kituo chake, au kwamba watu wenye ulemavu huonyeshwa wakipokea msaada tu, karibu kila mara utajibiwa: hayo ni maoni yako. Jibu hilo linaudhi, lakini ndilo lililowafanya watu wakae chini na kubuni vipimo. Leo vipo vingi. Shida ni kwamba vinatajwa kwa pamoja kana kwamba vinafanya kazi moja, na matokeo yake klabu ya shule inabeba kipimo cha kupimia nchi nzima, au chama kikubwa kinakwenda kwenye mkutano wa wahariri na kipimo cha kuzungumzia sinema.

Nimeviweka hapa bega kwa bega. Nitavijaribu kwenye vitu vile vile, yaani taarifa moja ya habari, filamu za nyumbani tunazozijua na tangazo la sabuni. Kwangu kipimo kizuri ni kile ambacho jibu lake unaweza kulifanyia kazi wiki ijayo.

Jaribio la Bechdel

Hili ndilo linalojulikana zaidi na ndilo rahisi zaidi. Lilitoka mwaka 1985 kwenye katuni ya mchoraji wa Marekani Alison Bechdel, ambaye mwenyewe anasema wazo ni la rafiki yake, Liz Wallace. Masharti ni matatu. Filamu iwe na wanawake wasiopungua wawili. Wazungumze wao kwa wao. Na wazungumzie jambo lingine lisilo mwanamume. Baadaye watu waliongeza kwamba wanawake hao wawe na majina. Mwaka 2013 kumbi kadhaa za sinema nchini Sweden zilianza kuwaonyesha wateja alama ya kufaulu kwa filamu zinazotimiza masharti hayo.

Lipeleke kwenye filamu za Bongo na utaona kitu cha pekee. Sharti la kwanza halitusumbui kabisa. Wanawake wamejaa: mama mkwe, mke, mchepuko, shoga wa mke, dada wa kazi. Sharti la pili nalo linapita, kwa sababu wanazungumza, tena kwa sauti ya juu. Tunaangukia la tatu. Mama mkwe na mkwe wanagombana kuhusu mtoto wa kiume wa yule wa kwanza. Mke na shoga yake wanakaa saluni wakipanga namna ya kumnasa mume. Filamu nzima inaweza kubebwa na waigizaji wa kike na bado kila sentensi yao ikamzunguka mwanamume ambaye hata hayupo chumbani. Mtazamaji akiisha kuliona hilo mara moja, ataendelea kuliona.

Na lile sharti la jina lina kazi kubwa huku kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Mtazame dada wa kazi. Anaingia na trei ya juisi, anakemewa, anatoka. Jina hana, ni "we dada" tu. Jaribio halikutungwa kwa ajili yake, ila linamgusa.

Zaidi ya hapo lisikupeleke mbali. Wanawake wawili wakizungumzia bei ya rasta kwa nusu dakika, filamu imefaulu, hata kama muda uliobaki wote mwanamke anapigwa makofi na jirani anamshauri avumilie. Upande wa pili, filamu ya Gravity ya mwaka 2013, ambayo sehemu kubwa inamfuata mwanamke mmoja aliye peke yake angani, inaanguka. Kwa hiyo usimhukumu mwongozaji kwa jaribio hili. Litumie kufungulia mazungumzo. Kwa taarifa ya habari halina kazi.

Hesabu ya siku moja: GMMP

Mradi huu wa dunia wa kufuatilia vyombo vya habari unaratibiwa na shirika la WACC, na ulianza mwaka 1995. Kila baada ya miaka mitano watu wa kujitolea katika nchi nyingi wanachagua siku moja, wanakusanya magazeti, taarifa za redio na za televisheni za siku hiyo, na wanajaza fomu kwa kila mtu aliyetajwa au kuhojiwa katika kila habari. Mwaka 1995 nchi zilikuwa 71; mwaka 2020 zilifika 116. Kenya na Tanzania zimewahi kushiriki. Matokeo yake ndiyo takwimu zinazonukuliwa kila mahali: mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wote kwenye habari, na mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Hatua nane za asilimia kwa miaka 25.

Ubora wake hauko kwenye asilimia hiyo peke yake. Uko kwenye fomu. Mbali na kuuliza kama mtu ni mwanamke au mwanamume, fomu inauliza yupo kwenye habari kama nani: msemaji wa taasisi, mtaalamu, shuhuda, mtu anayesimulia yaliyompata, au mwananchi aliyeulizwa maoni mtaani. Inauliza kama ametajwa kuwa mhanga. Inauliza kama ametambulishwa kwa ndoa au uzazi, ile "mama wa watoto wanne" ambayo huwezi kuisikia ikisemwa kwa mkurugenzi wa kiume. Inauliza kama amenukuliwa, na kama picha yake imetumika.

Tuijaribu. Tuseme ni taarifa ya saa mbili usiku nchini Tanzania, yenye habari sita na watu kumi. Rais anafungua daraja. Waziri anajibu swali bungeni kuhusu pembejeo. Mkuu wa mkoa anakagua mafuriko, mtaalamu wa hali ya hewa anaeleza, na mama aliyebomokewa nyumba analia mbele ya kamera. Kamanda wa polisi anazungumzia kesi ya msichana aliyejeruhiwa na mpenzi wake. Msichana anaonyeshwa kitandani, hasemi. Mwenyekiti wa chama cha ushirika anazungumzia bei ya korosho. Kocha na mchezaji wanafunga taarifa.

Hesabu wanawake: Rais, mama wa mafuriko, msichana. Watatu kati ya kumi, asilimia 30. Taarifa hiyo imeipita dunia nzima ya mwaka 2020, na mhariri anaweza kuichapisha takwimu hiyo kwa fahari.

Sasa mwondoe Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye tangu Machi 19, 2021 lazima awepo kwenye taarifa, awe anafungua daraja au anapokea mabalozi. Wanabaki wanawake wawili kati ya tisa. Mmoja analia, mwingine hasemi. Hakuna mwanamke aliyeulizwa kwa sababu anajua jambo.

Hapa ndipo naona vyama vingi vya Tanzania vinaweza kujidanganya vikihesabu vibaya. Mtu mmoja mwenye cheo kikubwa, akionekana kwenye habari kila siku, anapandisha asilimia ya jinsia yake bila mwanamke mwingine hata mmoja kupata nafasi. Fomu ya GMMP inakuwezesha kuligundua hilo, ila kwa sharti moja: usome safu ya "yupo kama nani" kabla ya safu ya jinsia. Wengi wanafanya kinyume, kwa sababu asilimia moja kubwa ndiyo inayoingia vizuri kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Udhaifu wake mwingine ni siku moja. Kama siku hiyo kuna msiba wa kitaifa au fainali, habari zote zinaegemea huko. Kwa dunia nzima au nchi yenye vituo vingi jambo hilo linapunguzana. Kwa redio yako moja halipunguzani. Utapata watu kumi au kumi na tano, na mmoja akibadilika asilimia inaruka. Kipimo hiki ni cha wale wanaotaka kusimama mbele ya jukwaa la wahariri au bodi na kusema "nchi yetu iko hapa, ilikuwa pale". Ni cha chama chenye watu wa kufundishwa kujaza fomu kwa namna moja, kama TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa Tanzania mwaka 1987, au AMWIK, mwenzake wa Kenya kilichoanza mwaka 1983. Klabu ya wanafunzi ishirini inaweza kuazima maswali ya fomu. Isidai kwamba imepima taifa.

Hesabu ya ndani: 50:50

Januari 2017, mtangazaji wa BBC Ros Atkins na wenzake walianza kuhesabu kipindi chao wenyewe kila kinapomalizika. Mwanzoni wanawake walikuwa asilimia 39. Aprili mwaka huo huo walifika asilimia 50. Hakuna aliyeagizwa na wakubwa. Timu nyingine ziliingia kwa hiari, kisha vyombo vingine vya nje ya BBC.

Kanuni yake muhimu ni hii: hesabu wale tu ambao wewe ndiye uliyewachagua. Watangazaji, maripota, wachambuzi, wataalamu, wageni wa studio. Rais akifungua daraja hukumchagua wewe. Shuhuda aliyekuwa peke yake pale ajali ilipotokea, naye huwezi kumbadilisha. Hao wanaachwa nje ya hesabu. Hesabu inafanyika dakika chache baada ya kipindi, inaandikwa ukutani au kwenye jedwali linaloonwa na timu nzima, na kazi inaendelea. Kanuni nyingine ni kwamba mgeni bora ndiye anayeingia hewani. Hakuna anayepewa nafasi kwa ajili ya hesabu.

Irudishe ile taarifa yetu ya saa mbili. Rais, waziri, mkuu wa mkoa, kamanda, kocha, mchezaji, mama wa mafuriko na msichana wanatoka kwenye hesabu. Wanabaki wawili: mtaalamu wa hali ya hewa na mwenyekiti wa ushirika. Wote wanaume. Ongeza msomaji wa habari, tuseme mwanamke, na maripota watatu, mmoja wao mwanamke. Wawili kati ya sita. Asilimia ni karibu sawa na ile ya kwanza, lakini maana yake ni tofauti kabisa, kwa sababu sasa mhariri anaona majina mawili ambayo angeweza kuyabadilisha kwa simu moja. Kwenye ushirika wa korosho wanawake wapo. Kwenye mamlaka ya hali ya hewa wapo. Swali la kesho asubuhi linajulikana: namba zao tunazo?

Kwa redio jamii mimi ningeanza hapa, bila kusita. Hakihitaji mfadhili wala mtafiti. Hakimtuhumu mtu, kwa sababu anayehesabu ndiye anayeamua. Na kinarudia kila siku, kwa hiyo siku moja yenye msiba haikupotezi.

Kasoro yake ni kubwa vile vile, na isifichwe. Kinapima mlango tu. Mwanamke akiingia studio kila Alhamisi kuzungumzia mapishi na malezi, hesabu imetimia na hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana nashauri kuazima safu moja kutoka GMMP: pembeni ya jinsia, andika mada aliyozungumzia. Safu mbili, karatasi moja.

Pale ambapo kuhesabu kunashindwa

Vipimo vyote vitatu vya juu vinajibu swali la nani yupo. Makundi mengi yanayoonyeshwa vibaya yapo sana. Mmasai yupo kwenye vichekesho vingi: amesimama getini na rungu, Kiswahili chake kinachekwa, haelewi simu. Mhesabu utapata idadi nzuri. Vichekesho vya Kenya vilivyojengwa juu ya lafudhi za makabila vina watu wa makabila yote. Kila mmoja amepewa tabia yake, mchoyo, mwizi, mpenda makuu, na haruhusiwi kuiacha.

Watu wenye ualbino nchini Tanzania wamepitia jambo hili kwa uchungu zaidi. Wakati wa mashambulizi dhidi yao waliandikwa sana, na ilikuwa lazima yaandikwe. Lakini mtu akionekana kwenye habari kama mwili ulioshambuliwa tu, au Juni 13 tu, siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino, msikilizaji hajapewa jirani, amepewa tukio. Mwaka 2010 Salum Khalfan Barwany alichaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa Lindi Mjini, Mtanzania wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni. Lindi ni mkoa wa korosho na bahari. Kwa mtu kama yeye swali la kumpima mwandishi ni moja: umemhoji kuhusu korosho, au umemhoji kuhusu ngozi yake?

Kwa kazi hii unahitaji kusoma, siyo kuhesabu. Njia mbili zinafaa.

Ya kwanza ni orodha ya maswali ya ndiyo au hapana kwa kundi fulani. Jaribio la Riz lilitungwa Uingereza mwaka 2018, baada ya hotuba aliyoitoa mwigizaji Riz Ahmed kwenye Bunge la nchi hiyo mwaka 2017. Linauliza kuhusu mhusika Mwislamu kwenye filamu: je, anahusishwa na ugaidi, awe anautenda, anaathirika nao au anauzungumzia? Ana hasira zisizo na sababu? Ni mshirikina au mtu aliyebaki nyuma? Ni tishio kwa maisha ya Magharibi? Kama ni mwanamume, anawadharau wanawake? Kama ni mwanamke, anakandamizwa na wanaume wake? Ndiyo moja, filamu imeanguka. Mtu wa Mombasa, Lamu au Garissa hahitaji kuelezwa umuhimu wa maswali hayo. Swali la Magharibi ndilo halitukai sawa, kwani hapa Mwislamu anayetiliwa shaka ni raia wa nchi hiyo hiyo. Weka mahali pake: je, anaonyeshwa kama mgeni kwao? Na hivyo ndivyo orodha hizi zinavyopaswa kutumiwa. Kaa na watu wa kundi lenyewe, Wamasai, viziwi, wenye ualbino, na watunge wenyewe maswali yao matano.

Njia ya pili ni kuisoma picha moja kwa utulivu. Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, alikusanya picha zaidi ya 500, nyingi za matangazo, na mwaka 1979 kazi yake ikatoka kama kitabu. Aliangalia vitu ambavyo jicho huvipita: mikono, urefu, nani amekaa na nani amesimama, nani anaelekeza na nani anaelekezwa. Mwanaume anashika kitu kwa kiganja kizima. Mwanamke anakigusa kwa ncha za vidole.

Chukua tangazo la sabuni ya unga, lile ambalo kila mwenye televisheni Afrika Mashariki ameliona kwa namna moja au nyingine. Mtoto wa kiume anaingia na shati la shule lenye matope. Mama anashika kichwa. Yuko kwenye beseni, ameinama. Kamera inamtazama kutoka juu. Kisha inasikika sauti nzito ya kiume, au anatokea mwanamume aliyevaa koti jeupe, anasimama, anaelekeza kidole kwenye pakiti na kueleza sabuni inavyofanya kazi. Mama anatabasamu, ameelewa. Mwanamke anayefua kila wiki maisha yake yote ndiye mwanafunzi. Mwanamume ambaye hatujamwona akilowesha hata soksi ndiye mwalimu. Kwenye fomu ya kuhesabu, tangazo hili ni sawa kwa sawa: mwanamke mmoja, mwanamume mmoja.

Kwa walimu, hili ndilo zoezi ninalolipendekeza kuliko yote. Linahitaji tangazo la nusu dakika, lionyeshwe bila sauti, kisha kwa sauti tu. Hasara yake ni kwamba watu wawili wanaweza kusoma picha moja tofauti, na mhariri mkaidi atarudi pale pale: hayo ni maoni yako. Usilipeleke kwenye bodi bila namba pembeni.

Kumsikiliza anayesikiliza

Bado hakuna kipimo hapo juu kinachojua hadhira imechukua nini. Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika, aliandika mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuukubali nusu, au kuukataa kabisa. Anayetunga igizo lazima ajue lipi limetokea.

Afrika Mashariki ina mifano miwili bora. Igizo la Twende na Wakati lilianza Radio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, aliandikwa makusudi awe mfano mbaya. Hatari ya mhusika kama huyo ni kwamba wanaume wanaweza kumpenda. Watunzi hawakubaki wakikisia: hadi mwaka 1995 igizo halikurushwa Dodoma, watafiti wakalinganisha na kuona matumizi ya uzazi wa mpango yakiongezeka zaidi kwingine, kisha Dodoma nayo ikarushiwa.

Rwanda, nchi ambayo redio ilitumika mwaka 1994 kuwaita majirani mende, ilianza mwaka 2004 kusikiliza Musekeweya, igizo la vijiji viwili vinavyogombana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha vikundi vilivyolisikiliza na vilivyosikiliza igizo la afya, na mwaka 2009 akachapisha matokeo. Imani binafsi za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona kuwa jambo gani linakubalika katika jamii: kuoana na watu wa kundi lingine, kupinga hadharani, kuaminiana. Hilo hulipati kwa kuhesabu wahusika.

Kipimo hiki ni ghali kikifanywa hivyo. Kwa udogo wake kinawezekana: kusanya kikundi cha wasikilizaji, wanawake peke yao na wanaume peke yao kama mada inabana, simamisha igizo katikati na uulize, "Kati ya hawa, ungependa mwanao awe nani?" Kama vijana wanamtaja Mkwaju wako, rudi kwenye muswada kabla hujarekodi sehemu inayofuata.

Kwa hiyo uchague nini

Mwenye klabu ya sinema, chukua Bechdel jioni ya kwanza na tangazo la sabuni jioni ya pili. Mtunzi wa igizo, acha hesabu, kaa na wasikilizaji. Chama cha waandishi, GMMP, na usitoe takwimu kwa umma bila kuitoa pia ile inayobaki ukimwondoa kiongozi wa nchi. Kama kundi linalokuhusu limejaa kwenye picha lakini lina sura moja, maswali matano yaliyotungwa na watu wenyewe yatakufaa kuliko asilimia yoyote.

Mhariri wa redio jamii, chukua 50:50 yenye safu ya mada. Anza na kipindi kimoja, kile ambacho mtayarishaji wake amekubali kwa moyo wake, kwa sababu hesabu ya kulazimishwa huanza kupikwa mapema sana. Usiweke lengo mwezi wa kwanza. Hesabu tu, na pembeni yake fungua daftari la namba za simu: bibi shamba wa kata, muuguzi wa zamu, fundi umeme wa kike, mwalimu wa hesabu asiyeona. Kila jina litakaloingia humo liandikwe na jambo analolijua, ili siku bei ya korosho ikishuka usipige tena namba ile ile ya mwenyekiti.